Kiingereza cha Kutumwa

Enzi zetu kijijini Kiuyu hapakuwa na simu, na wala hatukuiona kasoro. Simu ilikuwa sisi watoto. Bibi yangu akitaka kusema na mtu wa mtaa wa pili, huniita miye Mize, hata kama niko katikati ya mchezo wa nage na mpira uko mkononi. Kabla sijanyanyua mguu ataniuliza: "Haya, nimekwambia ukaseme nini?" Nami niyarudie yote, nikiruka neno naanza upya. Ujumbe wenyewe ndio huu: mwambie Bi Asha kwamba namsalimu yeye na wanawe, na kwamba ukili wake wa kushonea mkeka uko tayari, lakini leo asije, kwa sababu nakwenda mazikoni, ila kama naye anakwenda basi anipitie. Hayo nikimbie nayo pekupeku, harufu ya karafuu zilizoanikwa inanifuata njia nzima, na nikifika niyamwage bila kupunguza hata salamu za mtoto mchanga. Mtoto wa leo, ukimtuma chumvi anarudi mlangoni kuuliza ulisema chumvi au sukari!

Skuli tulikuwa na Mwalimu Faki, mwembamba, kipande cha chaki sikioni. Alisomesha Kiingereza, na maradhi yake yalikuwa neno moja, 'that'. Alitaka tuunge sentensi mpaka zijae ubao: fulani kasema kwamba hivi, na kwamba vile, lakini kwamba lile halikuwa, kwa sababu kasikia kwamba hili. Wenzangu wakifika 'that' ya pili wanazama. Miye nateleza tu. Nilishangaa wanaona gumu kitu gani, kwani hizi si salamu za Bibi, zimevaa suruali tu? Mwalimu akanitazama siku moja akasema, "Weye Mize ndiye utakayekwenda Wawi." Huko, karibu na mjini, skuli tano zingeshindana kwa Kiingereza.

Nikarudi nyumbani mbio na habari yangu, nikakuta nyingine inaningoja. Mama alikuwa kajifungua, yumo ndani arubaini yake, na mwani wake uko baharini hauna mtu. Siku hizo kilimo cha mwani ndiyo kwanza kimeingia, na wanaume wa kwetu walikiona ni kazi ya kike.

"Skuli basi kwanza," Baba akasema. "Mwani wa mama yako utashika weye. Au nende miye, mwanamme mzima, nikainame na wanawake watu wanicheke?"

Hilo "kwanza" nililijua. Wasichana wawili wa darasa letu waliambiwa hivyo hivyo na hawakurudi tena. Nililia mpaka macho yakavimba, muhogo wa nazi nikauacha sahanini, jambo ambalo kwetu halijawahi kutokea.

Jioni Mwalimu Faki akaja na kanzu yake, akamwomba Baba aniachie angalau siku ile moja. Baba akafikiri sana. "Haya, na miye nitakwenda," akasema. "Akiwashinda hao wa mjini, tutazungumza. Asiposhinda, Jumatatu yumo majini."

Tulipofika Wawi, wallahi, niliona haya. Wenzetu wana viatu na soksi, miye nimevaa makubadhi ya Mama yananipwaya. Mashindano yenyewe yalikuwa hivi: mwamuzi mmoja anakusomea habari ndefu yenye mambo sita kwa Kiingereza mara moja tu, kisha unavuka ukumbi kumpelekea mwamuzi wa pili, Bi Zuhura, mama mtu mzima mwenye miwani. Kijana wa kwanza alifikisha mambo mawili kati ya sita. Akafuata msichana anayesemea puani, mzuri kumsikiliza, lakini nusu ya habari aliidondosha njiani.

Zamu yangu ikafika, ya mwisho. Nikasomewa, nikavuka, nikasimama mbele ya Bi Zuhura, nikaanza kwa Kiingereza: bwana yule anakusalimu sana, na anauliza hali yako na ya watoto wako. Ukumbi mzima ukaangua kicheko! Kwenye ile habari hapakuwa na salamu hata moja. Mwalimu Faki akajifunika uso. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mtoto wa Bibi akishaanza ujumbe hana breki. Nikaendelea kwamba boti imechelewa, na kwamba mchele umo ndani yake, lakini kwamba haugawiwi kabla ya Alhamisi, kwa sababu nahodha kasema kwamba magunia mawili yameroa maji... Kwenye jambo la tatu kicheko kilikuwa kimekwisha. La sita nikalifikisha bila kupunguza neno.

Bi Zuhura akavua miwani, akaniuliza kwa Kiswahili, "Na hizo salamu nani kakupa?"

"Sikupewa, Bi. Lakini kwetu hatufikishi habari bila salamu."

"Basi nami nimezipokea," akasema, na akanitangaza wa kwanza.

Wa kwanza! Skuli zote tano! Mwalimu Faki alirusha kofia juu ikanasa kwenye boriti, akarudi Kiuyu kichwa wazi. Furaha ile mpaka leo nikiikumbuka natembea kwa maringo.

Baba, aliyeyaona yote toka nyuma ya ukumbi, alitutangulia njia nzima. Nyumbani nikamsikia akimwambia Mama nyuma ya pazia, "Kiingereza chao sikijui. Lakini wale wengine walikwamakwama, mwanao alikwenda moja kwa moja hakugeuka." Habari ya mwani hakuigusa, nami nikaogopa kuuliza.

Jumatatu asubuhi nikajifunga kanga kuukuu, tayari kwa maji. Nikamkuta Baba mlangoni kakunja kikoi mpaka magotini, kabeba gunia la Mama na kamba zake.

"Ukenda skuli na kanga hiyo watakurudisha," akasema. "Vaa sare."

Siku hizi mtoto akishinda anapigwa picha, inazunguka kwenye simu za watu, jioni hakuna anayeikumbuka. Miye cheti changu cha Wawi kililiwa na mchwa, na Baba hayupo tena, Mungu amrehemu. Lakini asubuhi ile nilisimama njiani na sare yangu nikamwona akiingia baharini, wanawake wakimpigia vigelegele na kumwita bibi harusi, naye kainama katikati yao anafunga mwani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.