Waya Uliolala

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Hapana, wa kumi na tatu, kwa sababu wa kumi na mbili barabara bado ilikuwa imechimbwa na watu wanaruka mitaro kwenda kazini. Basi mwaka huo wa kumi na tatu, waya wa pili ulipokwisha kufukiwa, kampuni ya mtandao ilikuwa na fundi mmoja aliyeitwa Mizani. Wenzake ndio waliompachika jina hilo, maana wimbo wake ulikuwa mmoja tu: kugawa mzigo, kugawa mzigo.

Mzigo wenyewe ulikuwa wa hospitali. Dada yake Mizani alipiga picha za eksirei katika kituo cha afya cha mbali. Picha zilisafiri kwa mtandao hadi kwa daktari wa mifupa, hospitali kuu, naye akapiga simu kwa mtandao huohuo kusema la kufanya. Siku hizo picha zilikuwa zinakwama. Hospitali ikatangaza kwamba zisipofika upesi, mashine itahamishwa, na mpigaji picha aende nayo. Na dada ndiye aliyekuwa akiishi na mama yao, ambaye hainuki kitandani bila kushikwa.

"Nikiondoka mama atashikwa na nani?" dada alimuuliza kwenye simu. "Na wewe ndiye mwenye mtandao!"

"Dada, mtandao si wangu. Mimi mwajiriwa tu."

"Mwajiriwa mwenye nyaya mbili!"

Hapo ndipo palipomuuma. Nyaya zilikuwa mbili kweli, zinaanzia mahali pamoja na kuishia mahali pamoja. Wa kwanza umefurika, wa pili umelala fofofo. Sababu aliijua, akaieleza mpaka mate yakamkauka. Mteja mwenye njia yake ya faragha, kama hospitali, kila kifurushi cha data zake, yaani kipande kimoja kidogo, hubandikwa lebo. Ruta za katikati, vile vifaa vinavyoelekeza data njia, hazifungui kifurushi. Husoma lebo, zikaamua kipite waya gani. Na vya hospitali vyote vilikuwa na lebo moja. Basi vyote vikafuatana waya mmoja, kama siafu.

"Tuongeze lebo nyingine," alimwambia bosi. "Kila mazungumzo, iwe picha au simu, yapate namba yake, ruta zitayatawanya zenyewe. Ila ile ruta ya mwisho tuibadilishie programu, lebo hizo haizijui."

"Hiyo ruta inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Sasa unamchoma sindano asiyeumwa?"

Mhasibu, aliyekuwa akisikiliza kwa sikio moja, akadakia, "Kama shida ni vifurushi, si wanunue vya mwezi? Vina nafuu."

Ofisi nzima ikacheka. Mizani hakucheka. Akaeleza tena, na tena, mpaka bosi akawa akimwona mlangoni anashika simu isiyolia.

Mwisho akachoka. Asubuhi moja, bila ruhusa ya mtu, akaziamuru ruta zigawe kifurushi kwa kifurushi: hiki waya huu, kile waya ule, kama mtu anayegawia watoto wawili karanga. Nyaya zikajaa nusu kwa nusu, sawasawa kabisa. Picha zikaruka.

"Mdogo wangu," dada akampigia, "leo umekuwa mtu!"

Ila waya wa pili ulizunguka milima, ukawa mrefu kuliko mwenzake, na vilivyopita huko vilichelewa. Picha ina subira. Vipande vyake hata vije shaghalabaghala, hupangwa. Sauti haina subira. Kipande kikichelewa hutupwa. Mizani alilijua hilo, akajiambia kuchelewa kwenyewe ni kufumba na kufumbua, nani atasikia?

Mchana daktari akapiga simu kuhusu mzee mmoja aliyeanguka. "Mguu usifungwe plasta," alisema. Kule kikafika, "Mguu u... fungwe plasta." Ile "si" ilikuwa bado inazunguka milimani. Dada akawapa wenzake maneno aliyoyapata, mguu ukafungwa, ukavimba humo ndani mpaka plasta ikakatwa mbiombio. Mzee alipona. Lawama zikamwangukia dada, eti masikio yake mabovu.

"Nilisikia vizuri," akawa anarudia. "Mimi nilisikia vizuri."

Mizani akaenda kwa bosi akasema yote. Bosi akarudisha mambo yalivyokuwa siku ileile, picha zikarudi kukwama, na hospitali haikutaka kusikia habari za milima. Mashine ikapakiwa kwenye lori. Dada akapanda mbele na mabegi yake. Mama alikataa katakata kuhamia mjini, akabaki mikononi mwa jirani.

Kwenye kikao kilichofuata bosi akawaonyesha wageni ramani ya nyaya mbili ukutani, akijisifu. Mizani akainua mkono. Mhasibu akatazama kucha zake, bosi akafunua karatasi nyingine, na mpaka Mizani anastaafu hakuna aliyemjibu alichouliza:

"Huo wa pili tulimchimbia nani?"