Siku Daftari Langu la Vipimo Lilipopanda Ukutani

Mkinisikia naitwa Mama Projekta hapa Kihesa, msidhani nauza projekta. Mimi ni fundi cherehani, jina langu Sekela, nimezaliwa Uyole kule Mbeya nikaolewa huku Iringa, na hilo jina la projekta nilipewa Jumapili moja mbele ya usharika mzima, nikiwa nimesimama juu ya benchi, mikono nimeitandaza kama nguo iliyoanikwa, na viuno vya akina mama wa kwaya vimeandikwa tumboni kwangu. Hata leo nikikumbuka nikiwa peke yangu naweka mkasi chini kwanza nifunike uso. Lakini nitasimulia, maana ndani ya aibu ile niliona jambo ambalo mpaka sasa linanistaajabisha.

Kwanza muelewe habari ya daftari. Kila fundi ana daftari la vipimo: jina la mteja, kifua, kiuno, nyonga, urefu, basi. Langu lina pia maneno ya pembeni, kwa sababu kila mteja ana mambo yake ambayo tepu haiyasemi (na mdomo wake ndiyo kabisa). Chukua mama mwenyekiti wa kwaya. Miaka yote anakuja na kiuno chake kichwani, "Fundi, andika thelathini na nne," mimi nikizungusha tepu napata arobaini na moja, sasa utabishana na mwenyekiti? Naitikia, "Thelathini na nne, mama," akigeuka naandika: *Anadai 34. Ni 41. Usibishane.* Gauni linamkaa, anajisifu kwamba hajanenepa tangu aolewe, tunaishi kwa amani. Kurasa zote ziko hivyo.

Masika moja paa likavuja, daftari likaloa, nusu ya namba zikawa bluu tupu. Nilipolianika nikasema hapana, nikapiga picha kila ukurasa kwa simu, na picha zile zikakaa humo humo pamoja na picha za magauni niliyoshona. Nikazisahau.

Sasa nina mdogo wangu, Atupele, anauza mchele Chimala pale barabara kuu. Siku moja akanipigia, hata salamu hakumaliza.

"Gwe dada, una tovuti?"

"Nina nini?"

"Tovuti! Mchele wangu uko kwenye intaneti, mtu akiwa popote anauona. Na ni bure! Unaandika jina la kazi yako, unaweka picha, wenyewe wanakupangia. Usikae tu hapo na cherehani yako kama bibi."

Lile neno la bibi liliniuma, halafu lilinikuta wakati mbaya. Kwaya ya akina mama ilikuwa inajiandaa kwenda kwenye tamasha la kwaya, wanataka sare mpya arobaini, na kamati ilikuwa imegawanyika. Nusu walinitaka mimi niliyewashonea tangu nifike Kihesa, nusu walitaka duka moja la mjini lenye mashine ya kudarizi na bango la taa. Nilijua nikizikosa zile sare nimekwisha, nitabaki kubadilisha zipu na kupunguza sketi za shule, na kwenye kwaya (maana na mimi naimba soprano, tena vibaya) nitavaa gauni lililoshonwa na mwingine.

Basi Jumamosi nikakaa kwenye kigoda jikoni, maharage yako kwenye mkaa, nikaanza. Ikaniuliza jina, nikaandika Ushonaji wa Sekela. Ikaniuliza kazi, nikachagua mavazi. Ikaniomba picha. Picha zangu zilikuwa karibu mia, intaneti inasuasua, ukigusa moja inazunguka mpaka unasahau uligusa ipi, na maharage yakaanza kunukia kuungua. Juu kabisa kulikuwa na kijisehemu kimeandikwa "Chagua zote". Nikaangalia sufuria, nikaangalia simu, nikagusa. Ndugu zangu, hicho ndicho kidole kilichoniponza. Kugusa mara moja tu.

Nilipomaliza kuongeza maji kwenye sufuria nikarudi, na pale, jamani, niliona ajabu. Jina langu! Kubwa, limeandikwa kwa herufi za kupendeza, na chini yake gauni la harusi nililomshonea mtoto wa jirani, linang'aa kuliko lilivyokuwa siku ya harusi yenyewe, halafu linapita lenyewe, linakuja lingine, kama vile kuna mtu ndani ya simu anawaonyesha wateja. Nikampigia Atupele afungue. Akafungua. Akaanza kunihesabia vifungo vya lile gauni, kimoja kimoja, mpaka tisa, na ni kweli ni tisa. Mimi niko Kihesa na moshi machoni, mtu yuko Chimala kwenye magunia ya mchele anahesabu vifungo nilivyovipachika kwa mkono wangu! Nilishikwa na kicho hasa, kile cha kanisani. Kwa jinsi nilivyoshangaa sikuteremka kuangalia picha za chini, na Atupele bando lilimwishia kwenye kifungo cha tisa.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada na mnada wa mahindi na kuku, wenye biashara ndogo waliitwa ukumbini waonyeshe kazi zao, na kamati ya kwaya ilisema ikitoka hapo itaamua habari ya sare. Wengine walileta asali, wengine vikapu. Mimi nilikuja mikono mitupu, nimevaa gauni la krimu lisilo hata ua moja (nilitaka mshono wenyewe uonekane), nikamwendea mwinjilisti anayeshughulika na kompyuta na projekta ya kanisa nikamwambia kwa sauti ya kutosha kusikika, "Mimi yangu iko kwenye intaneti." Majivuno yale, Mungu anisamehe.

Mapazia yakafungwa, jina langu likatokea ukutani ukubwa wa mlango. Vigelegele! Magauni yakawa yanapita yenyewe, moja baada ya jingine, na mama mwenyekiti akageuka kuwaangalia wale waliotaka duka la mjini kama anawauliza, mnaona? Mama mchungaji alikuwa anapiga makofi. Nilishaanza kujiwazia kitambaa cha sare, rangi gani, nitakinunua wapi.

Halafu gauni la kitenge likapita, na baada yake ukaja ukurasa wa daftari.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Mwandiko wangu, mkubwa kila herufi kama sahani. Kisha mtu nyuma akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma somo la ibada: "Mwenyekiti. Anadai thelathini na nne. Ni arobaini na moja. Usibishane." Ukumbi ukalipuka. Wanaume walicheka mpaka wakashikana. Mstari wa chini: "Mama mchungaji. Suti ya Pasaka haikusinyaa, ni yeye." Pale wengine walinyamaza kwa adabu, wengine wakaziba midomo kwa vitenge mabega yakiwatikisika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikatoa simu, nikatafuta, nikafuta. Simu ikaniambia imefutwa. Nikainua macho: ukutani ukurasa wa soprano unapita zake bila wasiwasi! Kumbe kompyuta ya kanisa ilishazimeza picha zote tangu mwanzo. Nilichokiachia duniani kwa mkono wangu kilikuwa kinatembea bila mimi.

"Mwinjilisti, zima!"

"Nazima, nazima!" Akabonyeza, na maandishi yakawa makubwa mara mbili.

Na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu daftari langu nalijua kwa kichwa. Baada ya soprano ni alto, na katikati ya ukurasa wa alto yuko Mama Faraja.

Mama Faraja ndiye mwimbishaji wetu, akianza wimbo hata watoto wanaacha kukimbia. Miaka mitatu nyuma alikwenda Mbeya kutibiwa, akakaa muda, akarudi amekonda akisema ni vidonda vya tumbo. Alipokuja kushona gauni alivua sweta moja tu kati ya mbili, na mimi nilipopitisha tepu kifuani nikajua. Hakusema, sikuuliza. Nikapachika pamba ndani ya gauni upande mmoja, nikampa, na tangu siku ile kila gauni lake nalishona hivyo. Pembeni ya jina lake nilikuwa nimeandika: *Kushoto hakuna. Pamba iwe nyepesi asisikie joto. Usimwulize.*

Viuno ni viuno, mtu atanuna atasahau. Lakini hili hakunipa mimi nilitangaze. Nikakimbia. Nilipita kati ya viti, nikamwaga asali ya watu, nikafika mbele ya ukuta, na kwa kuwa mimi ni mfupi nikavuta benchi nikapanda, nikageuka, nikatandaza mikono na gauni langu la krimu. Ukurasa wa alto ukanitua mwilini, namba kwenye mikono, majina kifuani, na mstari wa Mama Faraja, nikiinama niliuona, ulipita tumboni kwangu. Nikajikunja. Nikajizungusha. Nikakunja gauni kwa ngumi mbili ili maneno yavunjike. Kwa waliokaa nilionekana nimepandwa na wazimu, nacheza ngoma isiyo na mpigaji, na mtu akapiga kelele, "Jamani, Mama Projekta!" Hapo jina likazaliwa. Mwinjilisti naye kwa kuchanganyikiwa akachomoa waya wa ukutani, ukumbi ukawa giza, kinanda kikazima na kipaza sauti kikazima. Niliteremka nikatoka kwa mlango wa nyuma, na nyumbani nililia mpaka Atupele kwenye simu akaanza kulia naye, bila kujua tunalilia nini.

Jumatatu asubuhi nikasikia hodi. Mama Faraja.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama. Karibu." Nikamwekea kiti.

Hakukaa. "Niliusoma," akasema. "Nilikuwa kiti cha mbele. Kwenye tumbo lako."

"Mama, nisamehe. Na wengine...?"

"Wengine walikuwa wanacheka unavyojikunja." Akavuta pumzi. "Hayo maneno, asisikie joto. Uliyaandika lini?"

"Siku ile ya kwanza. Uliporudi."

"Mimi nilijua hujaona. Miaka yote nilidhani pamba ni mtindo wako, unamwekea kila mtu." Kisha akaketi, akafunika uso kwa kitenge, na mimi nikasimama tu pale na tepu shingoni, sijui hata nimguse au nimwache. Alipotulia akasema, "Jumatano twende wote mazoezini. Mimi ndiye nitakayeongea."

Nilikwenda kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Akina mama walikuwa wamekaa wamenipa mgongo, mwenyekiti katikati yao kifua mbele. Mama Faraja hakuanza na wimbo. Alisimama mbele yao akasema, kwa sauti ile ile anayoanzia nyimbo, "Nyie mmekasirika kwa sababu ya viuno. Mimi wamenikata titi la kushoto. Mwanamke huyu amejua miaka mitatu, amenishonea, amenyamaza, na juzi amejidhalilisha mbele ya watu ili msisome. Sasa nimesema mwenyewe. Nimechoka kuvaa masweta mawili."

Nawaambia ukweli, nimeona mengi, ila sijawahi kuona mtu amesimama wima namna ile. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa ndala. Nilijiona mshamba mimi niliyetetemekea jina langu kwenye simu, nikadhani nimeona ajabu.

Mwenyekiti akainuka, akaja mpaka nilipo, akainua mikono yake juu kama anavyofanya mtu anayepimwa. "Pima," akasema. "Na useme kwa sauti." Nikazungusha tepu.

"Arobaini na... mbili, mama."

"Umeongeza moja!"

"Ni ya sikukuu ya mavuno, mama."

Akacheka yeye wa kwanza, huku machozi yanamtoka. Wakapanga foleni. Niliwapima wote arobaini jioni ile, kila mmoja anatangaza kipimo chake kwa sauti, na Mama Faraja akawa wa mwisho. Nilipofika kifuani nikasita, nikamwangalia.

"Bila pamba," akasema. "Shona nilivyo."

Sare nilishona. Mama mchungaji, nisiwadanganye, mpaka leo anashona mjini, na akinisalimia anaangalia paa. Ni haki yake. Kipimo cha mtu ni siri yake, na mimi niliyekabidhiwa niliibandika ukutani kwa sababu ya sufuria ya maharage. Siku hizi daftari halipigwi picha, linalala ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na popote ninapoona "Chagua zote", hata kwenye mambo ya maana, naondoa kidole kama nimeona moto.

Tovuti ipo bado. Nilitaka kuifuta, ila Mama Faraja alinikataza. Nimefuta picha zote, imebaki moja tu, aliyonipa yeye mwenyewe na kusimama nyuma yangu mpaka niiweke: yuko mbele ya kwaya siku ya tamasha, mdomo wazi, anaanza wimbo, gauni limemkaa alivyo, upande mmoja umejaa na mwingine bapa. Nilimpigia Atupele aifungue. Akaifungua kule Chimala, akaniambia hilo gauni ni zuri, lakini vifungo hajavihesabu, kwa sababu ameshindwa kuondoa macho usoni kwa yule mama.