Msitu Uliokatazwa na Wawili

Baba yangu hakuwa mtu wa kupenda miti. Niseme hivyo mapema, maana siku hizi watu wakisikia habari ya msitu wetu wa Kalembe hunitazama kana kwamba nimezaliwa na mtakatifu. Alikuwa mkulima wa maharage na mihogo, mkaidi, na mti uliomzibia shamba jua aliukata bila kuuaga. Miti aliyoihurumia ni ile tu ya kilima cha juu, kwa sababu chemchemi yetu ilitoka kwenye mizizi yake, na miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba. Chemchemi ikikauka, mama angelazimika kushuka mpaka mtoni na kupanda tena na ndoo kichwani.

Miaka ya kwanza ya uhuru aliamua kumwachia kilima kile mfugaji mmoja tuliyesali naye kanisa moja. Sisi tungepata mtamba wa ng'ombe. Yeye angepata malisho ya ng'ombe, yawe yake na ya watoto wake. Msitu ulikuwa katikati ya kilima, kwa hiyo ungekwenda pamoja nacho. Hapo baba akaweka sharti mbele ya mkuu wa kijiji: kilima ni chako, msitu nao ni wako, lakini asiukate mtu, si wewe, si mimi, wala watakaotufuata, na kila upande uwe na haki ya kuukataza mwingine. Mfugaji akakubali.

Kwetu neno kama hilo hufungwa kwa mbuzi. Waliokula nyama ile pamoja hawarudi nyuma. Baba akachinja beberu wake mzuri, akaita majirani, nami niliyekuwa nimeolewa chini kidogo ya kilima nikaja kusonga ugali. Watu wakala. Mfugaji alikunywa pombe ya ndizi, akasifu mapishi, akazungumza vizuri na kila mtu, ila mkono wake haukufika kwenye nyama. Baba akamsogezea sahani.

“Unisamehe, Papa,” mfugaji akasema. “Sisi batu ya ngombe hatukulake mbuzi.”

Sote tulilijua hilo, kwamba wafugaji wale hawali mbuzi. Tuliishi nao, tulikaa nao kwenye benchi moja kila Jumapili, na bado hakuna hata mmoja aliyelikumbuka wakati wa kunoa kisu. Nilikimbilia jikoni nikacheka hadi mbavu zikauma. Baba hakucheka. Beberu amekwisha, alisema, na neno halikufungwa. Juma zima alikuwa akitazama kilima kama mtu aliyesahau kitu huko.

Jumapili iliyofuata mfugaji akaja na mke wake na kibuyu cha maziwa.

“Kwetu njo hivi,” akasema. “Tunakunywa wote, na neno iko imefungwa.”

Tumbo la baba halikupatana na maziwa tangu utotoni. Alifumba macho akanywa fungu lake lote, akashukuru, kisha alasiri nzima hatukumwona isipokuwa akielekea nyuma ya nyumba.

Miaka ikapita, chemchemi haikukauka. Mfugaji aliwachapa wanawe waliokwenda kukata fito msituni, nasi tukamsifu sana kwa hilo.

Kisha baba akafa, ghafla, katikati ya mvua. Njia ya Walikale, walikotoka wauza mbao, ilikuwa imekatika kwa matope. Kaka yangu alipanda kwa mfugaji kuomba mti mmoja wa jeneza, nami nikaenda naye. Mfugaji alitupokea akilia.

“Hapana, kaka,” alisema. “Papa yenu aliniachia kazi ya kuwakataza. Leo njo siku ya hiyo kazi.”

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia pale mlangoni kwake, na machozi yake nikayaona unafiki mtupu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: walipochapwa watoto wa wenzetu tulipiga makofi. Tuliporudi, kaka alitaka kwenda kumshitaki kwa mkuu wa kijiji.

“Mutoe mulango,” mama akasema. “Na kitanda.”

Baba akazikwa katika jeneza la mlango wa nyumba yake na mbao za kitanda chake. Mfugaji alikuja, akashika jembe, akafukia pamoja nasi. Sikumsalimu. Ilipokwisha, mama alimfuata akamshika mikono yote miwili.

“Aksanti, Papa. Kama ungewapatia ule muti, banangu bangerudi kuomba ingine.”

Nilimtazama kaka, naye akatazama chini. Tulipokuwa tunapanda kwenda kuomba, alikuwa amenionyesha miti miwili: mmoja wa jeneza, na mwingine mnyoofu, wa paa la jikoni kwake.