Pini ya tela iko chini ya kitanda changu

Hamisi mwanangu, una kichwa kigumu, na wote humu kwenye kundi la familia wasome.

Leo umekuja na trekta kuvuta tela la marehemu baba yako, limejaa mahindi. Nikakwambia hiyo pini ya kuungia tela na trekta ni nyembamba, inacheza kwenye tundu.

"Mama, wewe unajua nini mambo ya trekta?"

Haya. Kilima cha hapa Sindeni kikaikata. Tela limerudi nyuma mpaka mtaroni.

Umekimbilia Korogwe kutafuta pini, nami nalinda magunia peke yangu.

Ile nene ya baba yako ninayo chini ya kitanda. Sikusema. Nilitaka uulize, uingie ndani. Hujaingia tangu tumzike.

Wajukuu, mpigieni baba yenu. Arudi, ale kwanza, halafu aitoe mwenyewe.