Maskati ya Ghorofani Kwangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asije akanihurumia kabla hajafika mwisho. Jina sitoi, kwa sababu hapa Kibokoni ukitaja jina kwenye kichochoro cha kwanza, wa kichochoro cha tatu washajua mwenyewe amekula nini jana. Ingawa, kama mtakavyoona, mtu kama mimi kujificha ni kazi bure.

Nina ndugu yangu mdogo, nitamwita Fadhili. Mama alipofariki aliniachia Fadhili na nyumba, na nikaitunza nyumba. Fadhili alianza na sigara, kisha unga ukamwingia. Unga ninaousema mnaujua, si wa chapati. Miaka sita alikuwa nao. Aliuza simu yake, akauza yangu, na siku moja nilimkuta anashuka ngazi na sufuria yangu begani, pilau bado imo ndani.

Sasa sikilizeni ya kwangu. Miaka yote hiyo, mwenye mdomo mkubwa barazani nilikuwa mimi. Ikiibwa taa ya mlangoni kwa mtu, mimi ndiye wa kwanza kusema mateja wafukuzwe kisiwa hiki. Nayasema hayo nakunywa kahawa ya watu, na huku nyumbani jiko nimelifunga kwa kufuli.

Asubuhi moja Fadhili akarudi nyumbani amenyoa ndevu, ameshika kadi. Alikuwa ametembea peke yake hadi kliniki upande wa pili wa kisiwa, akajiandikisha kwa methadoni. Hiyo ni dawa ya maji. Mgonjwa huenda kila siku, akainywa mbele ya muuguzi, akaondoka zake. Humtulizia ile hamu ya unga na yale maumivu ya kuukosa, ambayo wenyewe huyaita arosto. Sharti lake kubwa ni kutokosa siku.

Haya yote alinieleza amesimama mlangoni, anatabasamu. Tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu mama yuko hai. Mtu mwenye akili zake angemkumbatia. Mimi nilimuuliza, "Nani amekuona?"

Tabasamu likaondoka. "Watu, dada," akasema. "Njiani kuna watu."

Kesho yake Bi Saumu akanisalimu. Bi Saumu ni jirani yangu wa mlango wa mbele, na baraza lake ndilo wanalokalia watu wote wa mtaa wetu asubuhi. "Fadhili hajambo?" akaniuliza. "Mbona siku hizi adimu?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini ulimi wangu ulitangulia mbele, mimi nikabaki nyuma naukimbiza. "Yuko Maskati," nikasema. "Amepata kazi, duka la vitambaa."

Wallahi sijui Maskati ilitoka wapi. Ningesema Malindi, angeweza kurudi Ijumaa, mambo yakaisha.

Basi mtu aliyeko Maskati hawezi kuonekana Kibokoni ananunua viazi karai. Nikamweka Fadhili chumba cha juu. Na kliniki je? Hapo ndipo akili yangu ilipojiona kubwa. Nilimvisha buibui langu, nikamfunga na ninja usoni, yakabaki macho. Fadhili ni mrefu, buibui lilimwishia chini kidogo ya magoti, ikabidi nimfunge leso kiunoni ifunike miguu. Viatu vyangu havikumwingia, kwa hiyo alivaa vyake, vile vikubwa vya ngozi. Kila asubuhi saa mbili nilitangulia kuchungulia kichochoro, nikamwashiria, tukatoka hadi kwenye tuktuk iliyokuwa ikitungoja pale kwenye kona.

"Dada," aliniambia siku ya kwanza humo ndani ya tuktuk, "nilipokuwa teja nilitembea uso wazi. Sasa natibiwa ndiyo nijifiche?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Sauti yako nzito."

Muuguzi wa kliniki alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka. Aliniita pembeni akaniuliza kama nina maradhi yoyote. Nikamwambia nina sukari.

"Na vidonge vya sukari, mama, huja kuvichukua umejificha?"

Nikamwona hana adabu. Nikarudi nyumbani nanung'unika njia nzima, na Fadhili pembeni yangu, ninja imelowa jasho.

Kilichozidi kunipa kichwa ni kwamba mambo yalikwenda. Ukiacha siku ya kwanza, kila tulipotoka baraza la Bi Saumu lilikuwa tupu. Saa mbili kasoro robo nasikia kicheko chao hadi juu, mbaazi na mahamri yanaliwa. Tukitokeza saa mbili hakuna mtu, vikombe tu vimebaki na kahawa ya moto ndani. Nikajiambia, kweli mimi Mungu kanijalia bahati, na akili kanipa pia.

Watu walipoanza kuuliza kama Fadhili hajatuma salamu, nikaenda Marikiti nikanunua tende na udi, nikabandua karatasi za duka, nikagawa mlango kwa mlango. Bi Saumu alipokea kwa mikono miwili. "Mungu ampe afya huko aliko," akasema, na macho yake yakapanda kidogo kuelekea dirisha langu la juu. Nikadhani ameona paka.

Na afya Fadhili aliipata. Miezi miwili, akaanza kumaliza sahani, mashavu yakarudi, akawa anaimba akioga. Nikamkataza kuimba, kwa kuwa mtu hawezi kuwa Maskati na sauti yake ikasikika bafuni kwangu. Aliacha kuimba, hakubisha.

Kisha ikaja harusi ya binti wa Bi Saumu. Kichochoro kikafunikwa turubai kutoka mlango hadi mlango. Tangu alfajiri wanawake wamejaa, wanachambua mchele, wanamenya vitunguu, wanapiga vigelegele, na mambo yenyewe ni ya siku nne. Palikuwa hapana pa kumpitisha mwanamke wa futi sita.

"Leo hatuendi," nikamwambia Fadhili. Siku ya pili nikamwambia vilevile.

Alikuwa ameketi kitandani, jasho linamtoka, pua inachuruzika, amekumbatia tumbo. "Dada, dawa hii haikoswi. Niache nishuke kama nilivyo. Nitaaibika mimi."

"Utaaibika wewe na nani?" nikamjibu.

Nikamletea chai ya tangawizi na vidonge vya kichwa. Kisha nikafunga mlango kwa nje, ufunguo nikautia kifuani, nikashuka kumenya vitunguu na wenzangu. Nililia sana siku ile. Nikajidanganya kuwa ni vitunguu.

Siku ya tatu mchana nilipanda na uji. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha, lakini dirisha la nyuma, lile lenye bomba la maji pembeni, lilikuwa wazi na Fadhili hayupo. Buibui langu lilikuwa kitandani, amelikunja vizuri, na ninja juu yake.

Nikashuka mbio. Ngazini nikakutana na Bi Saumu anapanda, ameshika sahani imefunikwa kawa.

"Hii ni ya mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa gani?"

"Wa Maskati." Hakucheka. "Siku tatu hatujamwona akipita kwenda kunywa dawa. Nimekuja kuuliza kuna nini."

Nilikaa palepale kwenye ngazi. Kumbe walimjua tangu asubuhi ya kwanza, kwa vile viatu. Na lile baraza halikuwa tupu kwa bahati yangu. Kila ikikaribia saa mbili Bi Saumu alikuwa akiwaambia, "Haya inukeni, apite," na watu wazima wanaacha kahawa zao wanaingia ndani, ili ndugu yangu apite asione haya. Walikuwa wakimsitiri yeye. Na mimi pia walinisitiri, pamoja na mdomo wangu wote ule.

"Ungetuambia, tungekunja turubai," Bi Saumu akasema. "Harusi ingengoja nusu saa, kwani ingekufa?"

Nikamwambia yote, mpaka habari ya ufunguo. Hakupoteza wakati kunisema. Alishuka akawaita wanaume, na wapishi wakaacha masufuria motoni wakaenda kumtafuta. Walimpata alasiri nyuma ya ghala bovu upande wa bandari ya kale. Alikuwa amerudia unga. Amelala kifudifudi, midomo imebadilika rangi, pumzi inakuja kwa kusitasita. Walimpeleka hospitali kwa gari la bibi harusi, na maua yake yote juu ya boneti.

Mungu alimrudisha. Daktari alisema wangechelewa kidogo tungezungumza mengine. Kule kliniki ilibidi aanze upya na dozi ndogo, ile miezi miwili yote kama haikuwapo. Yule muuguzi hakunikemea. Aliniuliza tu ufunguo ulikuwa kwa nani, na mimi nikautoa kifuani nikamwonyesha.

Fadhili hakurudi kwangu. Anakaa mtaa wa Buxton na mwenzake waliyejuana kwenye foleni ya dawa. "Sina kinyongo, dada," aliniambia. "Lakini chumba kile sikitaki tena." Basi ninacho mimi, nakifagia kila siku, hakuna wa kukichafua. Mtu angeimba bafuni kwangu leo ningemshukuru.

Siku hizi akishakunywa dawa hupitia kwa Bi Saumu kunywa chai, uso wazi, kofia ya kiua kichwani. Hakuna anayeinuka. Juzi alinikuta pale, nikasogea nikampa nafasi. Akakaa, akachukua hamri, akanitazama.

"Dada," akasema, "nani ameniona leo?"

Baraza zima likanigeukia.

"Mimi," nikasema. "Nimekuona mimi."

Akalimega lile hamri akanipa nusu. Nikalila nalia, na safari hii vitunguu havikuwapo.

Sasa wewe mwenzangu, mwenye ndugu anayetumia unga au mume anayelewa, uliyeanza kuwaambia watu yuko Dubai, yuko shamba kwa mjomba, amelala ana malaria. Wanajua. Wameshamjua kwa viatu, wanangoja tu uwaambie wakunje turubai. Mtoe mlango wa mbele, asubuhi kweupe, aende akanywe dawa yake, na ukiulizwa anakwenda wapi, sema. Na kama ufunguo unao kifuani hivi sasa, usimalize kusoma hapa. Panda ukamfungulie.