Kupiga Ufukwe wa Karema na Mtoto Mgongoni

Siku ya kwanza kazini Mzee mwenye studio aliniuliza swali moja tu.

"Binti, kwenye picha miguu ya mteja inakaa wapi?"

"Chini, Mzee."

"Chini, lakini ndani. Ukimkata mtu miguu hapa Mpanda, utaulizwa kama alikuwa kiwete."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, cheti cha kidato cha nne kikiwa bado hakijatoka. Nyie wasichana mnaonisimamisha njiani Nsemulwa kuniuliza kazi ya picha ilikuwaje, nawaandikia nyie. Mtasema mbona mtu mwenyewe bado anabeba mtoto mgongoni anaandika kama mstaafu. Nimestaafu. Mvi si sharti.

Nilianzia kaunta, nikapelekwa chumba cha giza chini ya Fundi Mkuu. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake inanuka dawa hata Idi. Picha nyeusi na nyeupe tulisafisha wenyewe. Mkanda unauosha kwenye dawa ya kwanza mpaka sura zitokee, halafu unautia kwenye dawa ya kukaza ili zisifutike. Mikanda ya rangi ilipanda treni kwenda kusafishwa mbali, na ikirudi wateja wengine walishahama. Kwa hiyo kazi ya heshima ilikuwa nyeusi na nyeupe, na heshima yenyewe ilikuwa kwenye mwanga.

Kisha nikapewa cheo cha mpiga picha wa nje. Mwanamke wa kwanza pale studio, na nilikuwa peke yangu. Nilipiga harusi Ilembo. Nilipiga ng'ombe Kakese, kwa Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Huko ndiko nilikojifunza jambo ambalo Fundi Mkuu hakuwa amenifundisha. Baba mmoja alitaka dume lake lipigwe peke yake, limesimama mbugani. Picha ilipotoka akaiangalia akasema, "Huyu ni ndama wa nani?" Nikarudi, nikamsimamisha baba mwenyewe kando ya nundu. Dume likawa dume. Kitu kikubwa hakijulikani ukubwa wake mpaka mtu asimame karibu.

Baada ya hapo nikajifungua Festo. Baba yake alikuwa ameenda machimboni, na mpaka leo sijui ni machimbo gani. Nilirudi kazini mtoto akiwa mgongoni, na Mzee aliacha kuniita binti. Akaanza kuniita Mama Festo, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Ndipo akaja Afisa Utamaduni. Alitaka picha kubwa ya ufukwe wa Ziwa Tanganyika, itundikwe kwenye ukumbi wa mikutano, wageni wajue wilaya yetu ina maji.

"Mandhari tu," akasema. "Watu wasiwepo. Watachafua."

Mzee akamwitikia kila neno. Alipoondoka akanigeukia. "Hii kazi ningempa mpwa wangu, ila hajaweza kamera. Ukiiharibu, kamera ya nje ni yake. Na mtoto mwache kwa mama yako."

"Ananyonya, Mzee."

"Hilo si la studio."

Nikapanda lori lililokuwa linafuata dagaa Karema, Festo mgongoni, kamera kifuani. Sasa nyie mnaotaka kupiga ufukwe, sikilizeni. Ziwa letu liko magharibi. Jioni jua linazama majini, na ukimpiga mtu mbele yake anatoka mweusi tii, mkaa mtupu. Mteja hatamtambua hata mama yake. Mchana jua liko utosini, mchanga unatoka mweupe kama shuka, hauna kina. Iliyobaki ni asubuhi. Jua linapanda nyuma yako, liko chini, kila kijimkunjo cha mchanga kinaweka kivuli chake, na mtu anakuwa na uso. Ubaya wake ni kwamba na wewe unaweka kivuli chako, kirefu, mbele yako.

Asubuhi ya kwanza nilipiga mandhari tu, kama Afisa alivyotaka. Kwenye kioo cha kamera nikaona maji, mchanga na mtumbwi uliopinduliwa. Mtumbwi ulikuwa kama ganda la karanga. Ziwa lile ungeweza kudhani ni bwawa la ng'ombe. Nikasema hapana, hapa lazima watu.

Kulikuwa na wanawake wanaanika dagaa. Niliwaomba. Mkubwa wao, Mama Desi, alikuwa mama mnene wa Kifipa mwenye sauti ya kwaya. Akasema, "Ngoja kwanza." Wote wakapotea. Walirudi wamevaa vitenge vya Pasaka na viatu, wamejipaka mafuta, wakajipanga mstari mmoja, mikono chini, kama wanaimba wimbo wa taifa.

"Mama, nilitaka mkiwa kazini," nikasema.

"Kazini nanuka dagaa."

"Picha hainuki, mama."

"Itanuka. Wanaonijua wakiiona itanuka."

Wenzake wakacheka mpaka mstari ukavunjika. Tukaelewana hivi: kwanza niwapige vile walivyojipanga, picha ya kuweka ukutani kwao. Kesho yake niwapige wakiwa kazini. Mama Desi akaweka sharti.

"Usinikate miguu. Dada yangu wa Mpanda alikatwa kwenye picha, mwaka huohuo akaugua, akalala kitandani. Sisemi ni picha. Nasema usinikate."

Nikamwahidi. Nilimwahidi mbele ya wenzake, nikampa mkono.

Kesho yake nilipanda juu ya tuta la mchanga. Sababu ya kupanda ni hii: ukisimama chini, mstari wa maji unapita shingoni mwa watu, unawachinja. Ukipanda, mstari unakwenda juu ya vichwa vyao. Wanawake wakaja kandokando ya maji na mabeseni ya dagaa kichwani, wameachana, kila mmoja na nafasi yake. Mama Desi alikuwa mbele kabisa, karibu yangu, mguu mmoja umezama kwenye mchanga mbichi. Kando ya mguu wake kulikuwa na kivuli changu, vichwa viwili, changu na cha Festo anayechungulia begani. Nilikiona. Nikisogea kulia, wanawake wanashikana wanakuwa fungu moja. Nikisogea kushoto, mtumbwi unamla Mama Desi. Nikabonyeza.

Fundi Mkuu alipoitoa kwenye dawa aliishika kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Mzee akaiangalia akaweka kidole kwenye kivuli.

"Hiki nini?"

"Mimi na Festo."

"Nilikwambia umwache. Sasa ukumbi mzima utaona mpiga picha ana mtoto."

"Na watu wenyewe kwenye picha? Wamekaaje?"

"Watu wamekaa vizuri. Hata Afisa atanyamaza. Kata hapa chini, kivuli kiondoke."

Alipochora mstari kwa kalamu, ulipita magotini mwa Mama Desi.

"Mzee, unamkata miguu."

"Huyo si mteja. Amelipa nini?"

"Nilimwahidi."

"Basi chagua, Mama Festo. Kata mwenyewe ubaki na kamera, au atakata mpwa wangu na kamera abaki nayo."

Kisu cha kukatia karatasi kilikuwa mezani. Nilivua kamera shingoni nikaiweka kando yake. Sikulia wala sikugombana, nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Mpwa akakata. Ndiyo picha iliyoko ukumbini mpaka leo, na Mama Desi anatembea juu ya ziwa bila miguu.

Kabla sijatoka nilimwomba Fundi Mkuu nakala moja nzima. Aliitoa siku hiyohiyo, akaniletea nyumbani mwenyewe. Nikaituma Karema na lile lori, pamoja na ile ya vitenge. Dereva akarudi na salamu: Mama Desi anauliza kama yule wa kivulini ameshaanza kutembea.

Watu wananiambia nisahau, kamera ni chuma tu, nina nguvu, nitapata kazi nyingine. Nauza sabuni na mafuta ya taa, sifi njaa. Lakini kazi niliijua, na niliondolewa kwa kosa la kuonekana nina mtoto. Nyie mkiitwa studio, kabla hamjauliza kamera ni ya aina gani, ulizeni kisu kinashikwa na nani.

Mama Desi ametuma neno kwamba atakuja mjini kumwuguza dada yake. Nitampeleka ukumbini mimi mwenyewe, asimame mbele ya picha yake. Kisha tutapita studio, na Mzee atamweleza yeye, si mimi, miguu yake iliishia wapi.