Nyati wa Ijumaa

Ijumaa moja ya Kwaresima nilikuwa kwenye nyumba ya wazee wasiojiweza, huku upande wa Mollo, pikapu ya mwindaji ilipoingia. Akashuka na kibali chake cha kuwinda mfukoni na paja zima la nyati begani.

"Shikamooni! Nyumbani tumeshindwa kumaliza, nikawakumbuka bibi na babu zangu."

Wazee wakapiga makofi. Sista anayewatunza akashika kiuno. "Asante sana, baba. Ila leo Ijumaa ya Kwaresima, Mkatoliki hali nyama. Watakula kesho."

Makofi yakakatika. Mwindaji, naye Mkatoliki, akajishika kichwa.

Bibi mmoja akaliangalia lile paja, kisha akamgeukia sista. "Mwanangu, hiyo kesho umeahidiwa na nani?"

Babu wa pembeni yake akauliza taratibu, "Eti sista, mgonjwa naye anakatazwa nyama?"

"Mgonjwa hakatazwi," sista akajibu, kabla hajashtukia mtego.

Babu akakohoa. Bibi akashika mgongo. Kikohozi kikatembea benchi zima, hadi mzee mmoja Msukuma, ambaye wala si Mkristo, akashika tumbo ili tu kuwasindikiza wenzake.

Sista akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akaagiza sufuria kubwa.

"Na sisi, sista?" mwindaji akauliza, akininyooshea kidole na mimi.

"Nyie wazima. Kuna maharage."

Tukala maharage yetu, harufu ya nyati ikitupita puani. Hospitali nimetembelea nyingi, lakini sijapata kuona wagonjwa wakigombea mfupa.